Taarifa ya Radi kwa Eneo Zima

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Tshibangu hunitumia taarifa ya hali ya hewa kutoka ofisini kwake Beni, nami huisoma redioni hapa Butembo saa moja kamili. Yeye huandika Kifaransa cha serikali. Mimi huigeuza kuwa Kiswahili ambacho mama yangu anaweza kukisikia akiwa na jembe mkononi na akajua la kufanya.

Kwa miaka miwili kazi hiyo ilikwenda vizuri. Aliandika mvua ya mawe Lubero kuanzia saa tisa, ngurumo Kasindi jioni, Butembo mawingu tu. Madereva wa malori walinipigia simu kabla ya kuteremka mpakani. Kisha, tangu Pasaka, taarifa zikaanza kufanana kila siku: "Radi na upepo mkali hapa na pale katika eneo zima, kutoka Beni hadi Lubero, saa yoyote." Eneo zima! Barabara ikiharibika, lori linamaliza siku nzima kulipita. Mtu afanye nini na taarifa kama hiyo, abaki kitandani mpaka Noeli? Nilikasirika, na mimi nikikasirika sijui kuficha.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, parokia yetu ya Vulamba iliandaa misa ya mavuno kwenye kiwanja cha mpira, kwa sababu kanisa lisingetosha. Altare ilijengewa kibanda cha nguzo za chuma na mabati mapya. Mama yangu, Kavira, alichaguliwa kutangulia mstari wa matoleo na kikapu cha maharage kichwani. Asubuhi hiyo taarifa ikafika: eneo zima, saa yoyote. Saa nne, watu wakijaa kiwanjani, nikampigia Tshibangu simu.

"Papa Tshibangu, ni wapi? Leo batu elfu mbili bako mu kiwanja ya Vulamba. Mama yangu njo wa kwanza mu ligne."

Akauliza, "Misa inaisha saa ngapi?"

"Saa nane. Pengine saa tisa, unajua siye Banande na matoleo."

Nikasikia anavuta pumzi. "Kavugho, kuko mvula kubwa imetoka ngambo ya Kasindi. Niko naiona mu satellite, inakuja mbio. Itafika kwenu saa saba. Radi iko mingi. Mingi sana."

"Sasa juu ya nini haukuandika?"

Ndipo akanieleza. Baada ya Pasaka aliandika kwamba radi kali itapiga Beu, wilaya moja ya mji wa Beni, saa kumi jioni. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga nyumba huko Beu. Saa kumi na dakika chache, radi ikaua ng'ombe wa mwenye nyumba wake.

"Niliandika Beu, ikapiga Beu," alisema. "Bakasema, weye Muluba wa Kasai, tunajua kazi yenu, ni weye uliituma. Propriétaire alinipatia siku tatu ya kutoka. Tulipata nyumba ingine pale pale Beu, lakini bibi yangu wa ndoa Élise, ku soko hata salamu hawamujibu. Basi naandika eneo zima. Radi ikipiga, haiko ya mutu."

Maneno hayo, kwamba watu wa Kasai hutuma radi, nimeyasikia tangu utotoni. Nimeyacheka pamoja na waliocheka. Asubuhi hiyo, simu ikiwa sikioni, niliona aibu.

"Nipatie tu saa na mahali," nikamwambia. "Jina yako haitatokea."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu banaijua tangu zamani."

Nikakatiza wimbo wa kwaya na kusoma taratibu: kuanzia saa saba mchana, radi kali na upepo, Butembo, upande wa Vulamba. Watu wasikae kiwanjani, wasijikinge chini ya kibanda wala miti, waingie kanisani na katika nyumba za matofali.

Wimbo uliofuata haukuwa umeisha, Apollinaire akanipigia. Yeye ndiye mkuu wa kamati ya parokia, na kile kibanda alikihangaikia wiki tatu.

"Kavugho! Nani alikuambia ile? Kila siku ni eneo zima, eneo zima, leo unajua mpaka kiwanja yetu?"

Nilijua anachotafuta. Jina moja tu, la Tshibangu, lingemtosha.

"Ni mie mwenyewe," nikasema. "Niliangalia, nikaona."

"Kama haikunyesha, utaomba pardon mbele ya paroisse yote."

"Na kama inanyesha?"

Jibu tulilijua wote wawili: watasema ni mimi niliyeituma. Akasema atamwambia padri, akakata.

Saa tano na nusu watu walihamishwa wakinung'unika, wengine kanisani, wengine katika madarasa ya shule. Jua lilikuwa kali. Nikasimama kwenye dirisha la studio linalotazama kiwanja na kujikuta naomba mvua ije, maana bila mvua ningekuwa kichekesho cha mji mzima. Saa saba kasoro robo upepo ukaanza. Radi ya tatu au ya nne ilipiga kibanda cha altare. Nguzo moja ikaanguka, mabati yakaruka mpaka kwenye shamba la watu. Chini yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Nililia mbele ya mikrofoni iliyozimwa, kwa furaha.

Jioni mama alirudi na kikapu chake. Akala, akanawa mikono, akainama karibu yangu.

"Kavugho, mwana wangu. Njo ule Muluba wa taarifa alikufundisha?"

"Kunifundisha nini, mama?"

"Mie sitaambia mutu."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki, nikaumia kuliko nilivyotarajia. Nikamweleza kuhusu satelaiti na mawingu ya Kasindi. Aliitikia kila neno kwa heshima, kama mtu anayemwitikia mgeni.

Jumatatu nilikwenda bombani na bidoni yangu ya maji. Kulikuwa na wanawake kumi na watano hivi, na kwa kawaida hapo watu hugombana. Wote wakanipisha. Nilijaza maji bila kupanga foleni, nikashukuru, "wasingya," na hakuna aliyejibu. Nikamfikiria Élise kule sokoni.

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, taarifa ikaingia. "Radi kali, mji wa Beni, wilaya ya Beu, saa kumi jioni." Chini, mahali ambapo kwa miezi hapakuwa na kitu, palikuwa na jina lake, na mstari mmoja wa Kiswahili: "Nimesikia ya kwenu. Soma na jina yangu. Hapana kubakia peke yako."

Nikampigia. "Papa Tshibangu, uko hakika?"

"Ya radi?"

"Ya jina."

"Niliuliza Élise," akasema. "Amesema, soma."

Saa moja kamili nikafungua mikrofoni. Nikasoma mahali, nikasoma saa, nikasema watu wa Beu wafunge mifugo mbali na miti. Kisha nikaongeza: "Imeandikwa na Tshibangu, wa Beu. Imesomwa na Kavugho, wa Vulamba."