Birika Juu ya Ghuba

Umeme ulipokatika, mhudumu wa ofisi aliweka birika kwenye ramani ya bahari iliyotandazwa mezani, pale penye ghuba, akangoja maji yachemke. Yalichemka upesi. Karatasi ilikuwa inaunguza tangu wiki iliyopita, na yeye ni mtu wa kutumia kilichopo.

"Weka kitambaa chini, mzee wangu, utaniachia alama," alisema mchora ramani.

Kazi ya huyu dada ilikuwa kupaka rangi: nyekundu pale bahari ilipozidi joto lake la kawaida kwa siku kadhaa mfululizo, buluu pale ilipopoa kupita kiasi. Ghuba aliiacha nyeupe pee. Wenye hoteli walikuwa wamelalamika kwamba wekundu unafukuza wageni, basi mkurugenzi akaagiza hiyo kawaida ipigiwe hesabu upya kwa kutumia miaka ya joto kali peke yake. Kwa kipimo hicho, hata uji wa moto ungehesabiwa umepoa.

Tatizo ni kwamba dada yake mkubwa alifuga samaki kwenye vizimba humo humo ghubani, na aliiamini ramani kwa kuwa imechorwa na mdogo wake. Mchora ramani roho haikumtulia. Akapapasa karatasi kwa kiganja mpaka nyuma ya rasi, ambako vidole vilikufa ganzi na kucha zikalowa umande. Akapiga simu.

"Dada, vuta vizimba uvipeleke nyuma ya rasi. Leo hii."

"Mbona ramani yenu inasema shwari?"

"Hiyo nimechora. Hili nimelishika kwa mkono."

"Haya. Ila shemeji yako atanuna, ndiyo kwanza kavua viatu. Na majirani je?"

"Waambie na wao."

Majirani waliambiwa. Walisema wanangoja ramani.

Mchana kutwa kiganja cha mchora ramani hakikubanduka nyuma ya rasi. Jioni karatasi ikaanza kumtekenya: samaki walikuwa wamefika, wanageuka na kula. Alicheka, akalia, akacheka tena, akashusha pumzi ndefu na kuomba chai, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Samaki wa majirani walielea matumbo juu kabla ya wiki kwisha. Mkurugenzi alikuja kuidhinisha ramani mpya, nyeupe kama ile ya kwanza. Alipoegemea meza, shati lake likaungua kwenye kiwiko. Akalipuliza, akahamishia kiwiko nyuma ya rasi penye ubaridi, akatia saini kwamba bahari yote iko katika hali ya kawaida.