Oke ya Mzee Ezron

Mshenga mzuri husikiliza maneno, na mimi Crispin wa Mlandege nimeshaozesha vijana wengi Iringa nzima, hata kwa wakwe wakali wa kupokea wageni na panga mkononi. Lakini Mzee Ezron wa Uyole alinitoa jasho kwa neno moja tu la Kizungu, tena fupi.

Mpwa wangu Liberatus, mkulima wa nyanya kule Ilula, alikuwa amezama kwa binti yake mzee huyo, Mercy. Posa tulishapeleka. Jumamosi hiyo tulikwenda Mbeya kusikia jibu, na matenga mawili ya nyanya. Kijana alivaa koti la kuazima, na wiki nzima alikuwa halali wala hali.

"Kamwene, mzee!" nikaamkia kwa Kihehe, kuchangamsha baraza.

"Oke," akajibu.

"Tumekuja kusikiliza lile jibu letu, mzee wangu."

"Oke."

Nikangoja. Mbwa akachungulia mlangoni, mzee akasema "Oke!" na mbwa akaondoka. Simu ikaita, akasema "Oke... oke... okee," akakata. Mkewe, Mama Jailos, akatokeza kuuliza kama kuku awe wa mchuzi au wa kukaanga. "Oke," akaambiwa, na yule mama akarudi jikoni ameridhika kabisa. Nyanya zetu nazo zilipata oke yao, ndefu, huku moja ikigeuzwageuzwa kama inatafutwa tundu la mdudu.

Mzee alikuwa fundi wa reli. Nasikia neno hilo alilitoa kwenye redio za kazini, akaona linatosha maisha yote. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilitamani kumshika mabega nimtikise, pengine yangedondoka maneno mengine. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo mshindo ndio niliokuwa nauogopa.

Liberatus akaninong'oneza, "Mjomba, oke yetu ilikuwa ile ya mbwa au ile ya kuku?"

"Nyamaza," nikamwambia. Sikujua.

Chakula kikaja: wali wa Rujewa, ndizi, na bakuli la kuku wa mchuzi. Juu kabisa, peke yake, imekaa firigisi. Kila aliyelelewa anajua firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mpwa wangu naye alilelewa, tatizo alilelewa na bibi. Alikuwa mjukuu pekee, na bibi huyo, Mungu amlaze pema, alimpa firigisi tangu anaota meno. Kwao firigisi ilikuwa mali yake, hakuna wa kumuuliza.

"Oke, oke," mzee akasema, akitusogezea bakuli.

Kijana, kwa njaa na woga, akachukua ya juu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akadhani namhimiza, akatafuna kwa kasi zaidi.

Mercy, jagi la kunawisha mkononi, akafumba macho. Mama yake akakaa chini taratibu. Hapo Liberatus alituona sura zetu, akaelewa kuna jambo. Shavu limevimba, hawezi kumeza wala kutema.

"Mzee," nikaanza, "huyu bado mtoto, na sisi watu wa Iringa..."

"Oke," akanikata. Hiyo niliielewa: nifunge mdomo.

Akamgeukia mpwa wangu. "Tamu?"

Liberatus akaitikia kwa kichwa, machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, mzee," akasema, mdomo umejaa.

Mzee akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. "Humu ndani firigisi ilikuwa ya watu wawili. Mimi na Jailos. Yule kijana alikuwa ananiibia kwenye sahani, mama yake shahidi. Sasa tangu ile ajali imchukue, naletewa mimi, nakula mwenyewe. Haishuki vizuri."

Mama Jailos alijifunika uso kwa kanga. Nyumba nzima ilikuwa inamwita kwa jina la mwanawe, na mimi mshenga hodari sikuwa nimejiuliza hata mara moja huyo Jailos yuko wapi.

Mzee akavuta bakuli, akajichagulia kipapatio. "Meza, baba," akamwambia Liberatus. "Usije ukapaliwa."

Baba! Hivyo ndivyo mtu anavyomwita mwanawe. Liberatus akameza. Mercy akaweka jagi chini, akatoka nje mbio, na tukamsikia analia na kucheka kwa pamoja. Mimi pia nililia, sioni haya. Ila kazi ni kazi, na mshenga harudi nyumbani bila jibu lililonyooka.

"Kwa hiyo, mzee," nikasema, nikijifuta macho, "lile jibu letu tulichukulieje?"

Mzee akanitazama kwa huruma kubwa.

"Mama Jailos," akasema, "mshenga mpe shingo. Huenda ataacha kuuliza."

Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Oke," nikasema.