Kabla Sheila Hajafagia

Pale Kerrivan Cove, kusini mwa Newfoundland, hakuna anayethubutu kusema baridi imekwisha mpaka Sheila apite na ufagio wake. Jua liwake wiki nzima, barafu iyeyuke mpaka mitaro itiririke, watu watakutazama tu wakuulize: kwani Sheila keshakuja? Sheila ni ile dhoruba ya mwisho inayotoka Atlantiki karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na ufagio wake ni theluji. Akishafagia, ndipo watu wanapopaka mashua rangi na kuanika mablanketi.

Watu wenye akili zao humsubiri Sheila kwa kununua mishumaa, maziwa ya kopo na chipsi za pakiti, kisha wakafunga milango. Halafu kulikuwa na wale watatu: Loretta Careen, Cyril Whiffen na Philomena Nash. Hao walimsubiri kama watu wanavyosubiri fainali ya kombe. Kila Jumapili baada ya misa walijifungia jikoni kwenye jengo la zimamoto, kompyuta ya Philomena mezani, baromita ya shaba ya kupimia shinikizo la hewa ukutani, sufuria ya supu ya njegere na nyama ya chumvi motoni, wakabishana juu ya ramani za upepo mpaka supu ikaungua. Kila mmoja alitaja siku, saa na kina cha theluji, na aliyekosea kuliko wote ndiye aliyepika safari inayofuata. Ndiyo maana mwiko ulikuwa mkononi mwa Cyril miaka nenda miaka rudi.

Cyril alikuwa seremala mwenye ndevu nyeupe aliyeipenda theluji kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Akisema futi mbili, wenzake walimpunguzia nusu bila hata kumwambia. Loretta alikuwa kinyume chake. Alikuwa ameendesha basi la shule mpaka akastaafu, na dhoruba kwake haikuwa mchumba wala adui, ilikuwa kitu cha kusomwa. Kijiji kizima kilimwamini. Na yeye ndiye aliyeweka sheria pekee ya kundi lile: mtu mwenye jambo lake ndani ya dhoruba, iwe harusi, safari au paa lililoezuliwa nusu, aseme mapema, na siku hiyo asisome ramani. Hamu humfanya mtu aone anachotaka kuona.

Jumapili ile Loretta alikuwa na jambo lake, na hakusema.

"Haya, shoga, tupe siku," Philomena alimwambia.

"Hakuna siku. Inapita kusini. Itageuka kabla ya kutufikia, ijiendee zake baharini. Sisi tutapata upepo na chembe mbili tatu."

Cyril aliacha kukoroga. "Chembe? Bibie, umetazama ramani ya leo au ya mwaka jana?"

"Kompyuta ya utabiri ya Ulaya inaipeleka kusini."

"Ilikuwa inaipeleka jana. Leo asubuhi imeirudisha. Ya Marekani ndiyo haijawahi kuitoa kwetu kabisa. Jumatano, saa sita mchana, futi mbili, na upepo wa kung'oa mapaa."

"Wewe Cyril hata kijiko kikianguka unasikia dhoruba."

"Sikatai. Lakini ile baromita pale haijui kama mimi naipenda theluji."

Loretta hakugeuka kuitazama baromita. Philomena aliliona hilo. Yeye ndiye aliyeendesha posta ya kijiji, na mambo mengi ya Kerrivan Cove yalipita mikononi mwake yakiwa yamefungwa kwa karatasi.

"Kile kiti cha mtoto cha kwenye gari kilichopita kwangu Alhamisi," alisema polepole, "ni cha nani? Maana paka wako sijawahi kumwona akifungwa mkanda."

Basi Loretta akasema. Ambrose, mwanawe, alitaka kuja nyumbani kutoka Alberta, pamoja na mkewe Kirsten na binti yao Nell ambaye bibi yake alikuwa hajamwona ila kwenye simu. Walitaka kufika St. John's kwa ndege Jumatano mchana, kisha wakodi gari wavuke nyika hadi kijijini jioni. Kabla ya kukata tiketi, Ambrose alikuwa ameuliza swali moja: Mama, hali ya hewa itakuwaje? Jibu alilitaka leo.

Hawakuhitaji kuelezwa kwa nini swali lile lilikuwa zito. Miaka minne nyuma, Alphonse, mume wa Loretta, alipofariki, Loretta alimpigia mwanawe akamwambia asisafiri, dhoruba inakuja, barabara ya nyikani itafungwa. Ambrose akatii. Dhoruba ikageuka baharini, na Alphonse akazikwa chini ya jua kali lililowaumiza watu macho kwa jinsi theluji ilivyong'aa. Tangu siku hiyo Ambrose alipiga simu Krismasi tu, na alikuwa na adabu kama anaongea na karani wa benki.

"Sasa nikimwambia tena asije," Loretta alisema, "atajua hatakiwi. Hatauliza mara ya tatu."

Cyril alivuta kiti akakaa karibu naye. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Basi wewe leo husomi, Loretta."

"Na wewe je? Wewe unaitaka kila siku."

"Mpunguzie nusu kama kawaida," Philomena alisema, macho kwenye kompyuta. "Nusu ya dhoruba ya Cyril, Jumatano, inatosha kabisa kufunga ile barabara. Samahani, shoga yangu."

Loretta alitembea hadi nyumbani bila kufunga koti. Ibilisi alimfuata njia nzima, na alikuwa na hoja nzuri: sema tu njooni. Kompyuta zimewahi kukosea, Cyril amekosea maisha yake yote. Akafika, akachochea kuni, akakaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akapiga.

"Naam, Mama. Vipi, tuje?"

"Inaonekana shinikizo linashuka upesi," Loretta alianza. "Upepo utatoka kaskazini mashariki, na kasi yake..."

"Tusije, kwa hiyo." Ambrose hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sawa. Nilimwambia Kirsten utasema hivyo."

"Ambrose, ngoja. Usikate."

Hakukata. Loretta alitafuta namba nyingine ya kumpa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuiona.

"Mimi sijui," alisema. "Hiyo kasi ni ya Philomena. Mimi nimetazama ramani siku zote hizi, na kila nikitazama naiona ikigeuka, kwa sababu nataka igeuke. Nakutaka hapa nyumbani mpaka macho yameacha kufanya kazi. Wenzangu wamenikataza kusoma, na wana haki."

"Na ile ya baba yako," aliendelea, maana sasa hakukuwa na pa kurudi, "nayo sikuisoma. Cyril mwenyewe, Cyril huyu, alisema itapita mbali. Lakini nilikuwa nimetoka kumfumba baba yako macho. Kila nikitazama ramani nilikuona wewe ndani ya gari kule nyikani, umefukiwa. Niliogopa, Ambrose. Ilikuwa hofu tu, nikaiita hali ya hewa."

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Nilikwambia kasi ya upepo."

Ambrose alitoa sauti ambayo mama yake hakuweza kujua kama ni kicheko. Nyuma yake mtoto alikuwa akigonga kitu na mwanamke akimbembeleza aache.

"Mimi miaka yote hii nilidhani hukutaka nije nikakuone unalia," alisema.

"Hilo nalo lilikuwamo kidogo."

"Cyril anasema Jumatano saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini mpunguzie."

"Na tukifika Jumanne?"

Loretta alishika meza. "Jumanne mtavuka vizuri. Ila ikija itawafungia humu ndani na mimi. Hamtaweza kutoka."

"Ndiyo ninachosema, Mama."

Walifika Jumanne jioni, wamechoka, Nell amelala mdomo wazi. Ambrose alisimama mlangoni akitazama msumari ambapo koti la baba yake lilikuwa likining'inia zamani, akasema nyumba imekuwa ndogo. Usiku huo walizungumza habari za barabara na chakula cha kwenye ndege, kama wageni waliokutana hospitali. Loretta alilala akijiambia kwamba mwanzo ni mwanzo.

Jumatano saa sita mchana ilifika, na mbingu ilikuwa ya buluu kama sahani. Hata upepo haukuwapo. Saa saba Cyril alipita akijifanya anamtafuta mbwa, saa nane akapita tena, na mara zote mbili alitazama juu kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Jikoni Loretta alikaanga vipande vya unga wa mkate uliokandwa na kuvimiminia molasi, ile asali nyeusi ya miwa. Jua lile alilijua, lilikuwa ni lile lile la makaburini.

Ambrose alitoka akasimama uani, mikono mifukoni. Loretta alimfuata, maana kusubiri ndani kulimshinda.

"Imekosea tena?" Ambrose aliuliza.

"Huenda."

"Tungeweza kuja leo, kama tulivyopanga."

"Mngeweza."

Ambrose alifikiri kidogo. Ndani Nell alikuwa akimwita bibi yake kwa jina alilolitunga mwenyewe asubuhi ile. "Basi tumeipata siku moja ya bure," alisema, akamshika mama yake mkono kumrudisha jikoni kabla mafuta hayajaungua. Loretta alilia hapo hapo mbele ya jiko, bila kujificha, na mkamwana akampa taulo la vyombo ajifutie.

Dhoruba iliingia giza lilipoanza, imechelewa na haina haya. Ilianza na chembe chache, kisha nyumba ikagutuka, taa zikazimika, na mlango wa banda ukapigwa mpaka Nell akaanza kuuitikia kila ulipogonga. Ilikaa usiku na siku nzima iliyofuata. Walikula chipsi kwa mwanga wa mshumaa. Kirsten, aliyezaliwa mbali na bahari, aliuliza itachukua muda gani, na yeye na Ambrose wakamgeukia Loretta, mtaalamu wa nyumba.

"Sijui," alisema. "Mimi nataka ikae mpaka Pasaka."

Ijumaa asubuhi ikatulia. Greda la kuondoa theluji lilikuwa halijafika, na theluji iliyorundikwa na upepo ilikuwa imefunika madirisha ya chini. Cyril na Philomena walikuja kwa viatu vya theluji, wakigombana kama ni futi moja na nusu au zaidi, na Cyril akiwa amekiri kwamba supu inayofuata ni yake. Wakamkuta Ambrose amekwisha toboa njia kutoka mlangoni. Walidhani anaelekea barabarani. Alikata kushoto, kwenye mlima wa kanisa.

Loretta alielewa kabla ya wengine. Alimbeba Nell ndani ya blanketi akamfuata kwa nyuma, katika mfereji mwembamba aliouchimba. Cyril alitaka kumsaidia kwa koleo lake. Ambrose akatikisa kichwa, na Cyril akalichomeka koleo kwenye theluji akavua kofia.

Makaburi yote yalikuwa yamelala chini ya weupe mmoja, lakini Loretta aliionyesha sehemu kwa kidole. Ambrose akachimba. Alichimba polepole mpaka jiwe likatokeza, akapiga magoti, akakwangua barafu kwa mikono hadi jina la Alphonse likasomeka lote. Alikaa pale kwa muda, mabega yakimtikisika.

Kisha akageuka, uso umelowa, akawanyoshea mikono.

"Mama," alisema, "mlete mtoto amwamkie babu yake."