Fimbo ya Kimbiji

Asubuhi ile ya Ijumaa Mwanaheri alikuwa ameshaizunguka gereji ya Theonest mara saba, na chai hajanywa. Akikalishwa kwenye benchi anainuka. Akiinuka anakwenda kuitazama miguu ya fundi iliyotokeza chini ya Landrova, kama vile miguu ile ingemwambia kazi imefika wapi.

"Mama, kaa basi," Theonest alisema kutoka huko chini. "Viatu vyako vinanitia kizunguzungu."

"Mie nikikaa, na hilo gari litakaa. Fanya kazi, mwanangu."

Mkononi alishika kijiti cha mkoko, shibiri moja na vidole viwili. Mafundi wa Mwananyamala walishakicheka tangu alipoingia nacho. Mmoja alimuuliza kama amekuja kusonga ugali. Mwanaheri alikipakata kijiti chake na kuendelea kuzunguka.

Kijiti kile alikikata Jumatano, kwenye njia ya Kimbiji. Siku hiyo yeye na mumewe Khalfani walikuwa wakimfuata dada yake, Hija, anayeishi huko Kimbiji. Macho ya Hija yalikuwa yameingia ukungu, mwaka wa tatu sasa. Mara ya mwisho Mwanaheri alipomtembelea, alimkuta anajimiminia uji, na uji wote unakwenda mkekani, bakuli liko pembeni limekauka, na Hija anauliza mbona leo bakuli halijai. Mwanaheri alifuta mkeka, akamjazia bakuli. Mama yao alipofariki, Hija ndiye aliyemlea Mwanaheri. Ndiye aliyemsuka nywele, akimtegea vitendawili ili asilie kitana kikivuta.

Sasa madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kutoka nje, wiki moja tu. Jina la Hija lilikuwa kwenye orodha ya upasuaji ya Jumatatu, saa mbili asubuhi. Asiyefika anafutwa, anaitwa mwingine, na wageni wale wakishapanda ndege, kurudi kwao ni mwakani, Mungu akipenda. Kwa miguu Hija hawezi, magoti yamekataa. Na bahari wiki ile ilikuwa imechafuka, hakuna chombo kilichotoka.

Ikabaki Landrova. Khalfani aliiendesha kwa miaka ishirini na miwili, mali ya shirika. Shirika lilipofilisiwa, wenzake wakaambulia barua, yeye akaambiwa achukue gari, ndicho kiinua mgongo chake. Aliipenda kuliko meno yake.

Lakini masika ya mwaka huo hayakuwa na adabu. Kabla ya kufika Kimbiji kuna udongo wa mfinyanzi, na malori ya mkaa yalikuwa yamechimba mitaro miwili ya magurudumu, katikati likabaki tuta gumu, refu kama kutoka msikitini hadi sokoni. Jumatano Landrova iliingia mitaroni, ikaenda hatua chache, ikalikalia tuta kama kuku anayeatamia. Magurudumu yakawa yanazunguka bure. Walichimbua hadi alasiri, wakarudi kinyumenyume. Tuta lote lile nani angelichimbua? Khalfani na wapita njia waliomsaidia wakibishana, Mwanaheri alishuka mtaroni, akasimamisha kijiti cha mkoko kando ya tuta, akakikata pale tuta linapoishia juu. Hicho ndicho kimo cha tuta, akajisemea, na gari lisilopita juu ya kijiti hiki halimfikishi mtu kwa dada yangu.

Alhamisi Khalfani akaipeleka Landrova kwa Theonest. Alimwambia maneno mawili tu: "Fundi, ipandishe."

Na Theonest, Mhaya wa watu, mtu wa kazi, akaipandisha. Aliongeza majani ya springi kutoka kwenye furushi la spea za Dubai, akafunga shakeli ndefu, vile vyuma vinavyoshika ncha za springi, akabadili shokapu. Hata hozi za breki aliweka ndefu, maana gari likipanda na hozi ikabaki fupi, hukatika siku dereva anapoihitaji. Hakuacha kitu.

Adhana ya Ijumaa ilipoita, Khalfani alikwenda msikitini. Aliporudi na kanzu yake, alikuta jeki zimeondolewa na Landrova imesimama juu, kifua mbele.

"Mashallah," alisema, akiizunguka. "Kiinua mgongo changu leo kimeinuliwa mgongo."

"Vidole vinne imepanda, mzee," Theonest alisema. "Mama, lete fimbo yako uridhike."

Fundi alikichukua kijiti, akakisimamisha chini ya bampa. Kikapita, na nafasi ikabaki. Mafundi wakapiga makofi.

"Haya, mama Rukaiya, panda twende," Khalfani alisema. "Tukiwahi pantoni sasa hivi, tunalala Kimbiji."

Mwanaheri hakupanda. Alimnyang'anya Theonest kijiti, akatandika gunia chini, akajifunga khanga vizuri, akalala chali.

"We mama Rukaiya," Khalfani alisema, "watu wanatutazama."

"Watazame. Mie si mwali."

Akajisogeza mpaka katikati ya magurudumu ya nyuma. Pale palining'inia bonge la chuma, duara, kama kibuyu cha tembo. Akasimamisha kijiti. Hakikusimama. Akajaribu tena, kikagonga chuma, kikalala.

"Fundi, njoo huku."

Theonest akaingia upande wa pili, wakawa wamelala wote wawili wanaangalia juu.

"Hiki kibuyu ni nini?"

"Difu, mama. Ndiyo inayogawa nguvu kwa magurudumu."

"Mbona hakikupanda?"

"Hicho hakipandi kwa springi. Kimekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Springi ziko juu yake."

"Kwa hiyo siku mbili hizi umepandisha nini?"

"Mwili," Theonest alisema.

Mwanaheri akageuza kichwa, akaongea na miguu ya mumewe iliyosimama nje. "Baba Rukaiya, Jumatano ulikuwa unachimbua nini? Mwili au kibuyu?"

Khalfani alikuwa amechimbua kwa mikono yake mwenyewe, na udongo aliutoa kuzunguka chuma duara, si kwingine. Alikijua chuma kile miaka ishirini na miwili. Lakini gari likisemwa limekwama, dereva hasemi limekwama kiungo gani. Husema ni chini, lipandishwe. Na fundi aliyeambiwa apandishe, haendi hadi Kimbiji kuuliza tuta.

"Kibuyu," Khalfani alisema.

Pale nje mafundi wakaacha kucheka. Mwanaheri alitoka chini ya gari, akaketi juu ya gunia, oili usoni. Ijumaa hiyo inakwisha. Kuna Jumamosi, kuna Jumapili, basi. Akilini aliona bakuli kavu na uji mkekani, akahisi anataka kumpiga mtu, asijue nani. Badala yake akasema, "Kitendawili."

Theonest akamtazama. "Tega."

"Nyumba yangu nimeinyanyua, kizingiti nimekiacha chini."

"Ni hiyo gari, mama. Unanisimanga."

"Gari si jibu, gari unaliona. Mie nauliza, kizingiti nitakipandishaje?"

Fundi akajikuna kichwa kwa spana. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa, basi nipe mji."

"Chukua Bukoba. Kuna ndizi, kuna ziwa."

"Mbali. Sili ndizi zenu."

"Haya, nakupa Kimbiji."

"Kimbiji nimeupokea," Mwanaheri alisema, na hakutabasamu. "Umenipa mji, sasa nifikishe. Mtu hapewi mji akaachwa mlangoni."

Theonest alicheka, kisha akaacha. Akainama, akalitazama gurudumu, tairi lililokwisha mpaka kipara. Akatazama nafasi mpya iliyobaki juu ya tairi, pale mbavu za gari zilipopanda.

"Ekseli imekaa kwenye magurudumu," alisema polepole, kama anayejisomea. "Mama, kizingiti kinapanda kwa tairi kubwa."

Nyuma ya gereji kulikuwa na lori dogo la Albano, muuza mbao, limekufa injini mwezi wa pili huo. Tairi zake zilikuwa kubwa, meno yake bado yanauma, na tundu lake lilikuwa inchi kumi na sita kama rimu za Landrova. Theonest mwenyewe alikwenda kwa Albano na mikono yake ya grisi. Alirudi akisema mzee amekubali, ila anazitaka Jumanne, na ziletwe na nazi ishirini juu yake.

"Jana nisingeweza kuzifunga hizi," alimwambia Khalfani, akizitoa tairi za zamani kwenye rimu. "Zingekula mbavu kila ukikata kona. Hiyo kazi yetu haikupotea, mzee."

Khalfani alikuwa ameshavua kanzu, amebaki na fulana, anapiga pampu. Akazidi kuipiga kwa nguvu.

Jua lilipoelekea kuzama, Mwanaheri akalala tena juu ya gunia. Kijiti kilisimama chini ya kibuyu. Akapitisha kidole juu ya kijiti, kidole kikapita.

"Kidole kimoja," alisema.

"Kimoja si kinatosha?" Khalfani aliuliza.

"Kama mvua haikunyesha. Mfinyanzi ukilowa, magurudumu yanazama."

Usiku ule Mwanaheri hakulala vizuri. Alikuwa akisikiliza bati. Jumamosi walivuka na pantoni ya kwanza, na njia nzima alikaa na kijiti magotini, akimwambia Khalfani polepole, kisha akimwambia mbona unachelewa. Walipofika kwenye mfinyanzi alitaka kushuka, Khalfani akamkatalia. Landrova ikaingia mitaroni. Chini kulisikika mkwaruzo, kama kucha kwenye sufuria, ukaja, ukakoma, ukaja tena. Mwanaheri alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Kisha ardhi ikawa tambarare na Khalfani akafuta jasho kwa kofia yake.

Hija walimkuta barazani, kashavaa buibui, kaketi na kifurushi tangu Jumatano. Alilisikia gari, akanyoosha mkono. Mkono ulitua kwenye tairi, ukapanda, ukapanda, ukalitafuta dirisha.

"Hili si gari la Khalfani," alisema. "Hili refu."

"Ndilo lenyewe, dada."

"Mie nitapandaje?"

Wakaleta kinu, wakakigeuza matako juu, Khalfani akamshika huku, Mwanaheri akamshika kule, Hija akapandishwa kama bibi harusi, akilalamika kiuno.

Njiani wingu lilikuwa limejikusanya upande wa bahari. Mwanaheri hakumwambia dada yake. Alihesabu minazi iliyobaki kabla ya tuta. Matone ya kwanza yalianguka kwenye kioo wakati magurudumu yanaingia mitaroni, na mkwaruzo ukaanza.

Hija alimshika mdogo wake mkono. "Nini hicho kinakwaruza?"

"Kizingiti," Mwanaheri alisema.

"Kizingiti cha nini?"

"Kitendawili hicho. Nitakutegea Jumatatu ukishafanyiwa hayo macho."

Hija akatega sikio. Mkwaruzo ukarefuka, ukapungua, ukawa kama mtu anayefagia nyumba ya jirani. Halafu hakukusikika kitu ila mvua.

"Mbona kimya?" Hija aliuliza.

"Tumevuka," Mwanaheri alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akakiweka kijiti chini, miguuni pake.