Kibonyezo cha Kipande cha Msumeno

Mtaa mzima ulimwita Mama Nukta. Alikuwa fundi saa, na rafu iliyokuwa juu ya meza yake ya kazi ilibeba vibonyezo thelathini na sita vya telegrafu, vile vyuma ambavyo makarani wa zamani walivitumia kupigia nukta na mistari ya habari za biashara: ngozi zimepanda bei, meli imetia nanga, mzigo umekwama. Wifi yake hakuchoka kumchokoza.

"Wenzio wanakusanya vyombo vya kabatini, wewe unakusanya vyuma visivyosema."

"Vinasema, wifi. Wewe tu ndiye hujui lugha yao."

Asubuhi moja alisikia kwamba jengo la kampuni moja ya zamani ya usafirishaji linabomolewa. Alifunga duka, akachukua bisibisi na kichupa cha mafuta, akaenda mbio. Msimamizi wa ubomoaji, pande la mtu, alimpandisha ghorofa ya pili. Mezani palikuwa na kitu mfano wa mtego wa panya, kimekazwa kwa skrubu nne zilizoshika kutu.

"Hiyo swichi ya kengele tu, mama. Niwaambie vijana waing'oe?"

"Ole wao wakiigusa! Nipe nusu saa."

Alitia mafuta, akangoja, akazungusha taratibu. Skrubu zililalamika, kisha zikakubali. Alipokigeuza kile kitu kwenye mwanga wa dirisha, alikitambua. Kilikuwa kibonyezo, ila hakikufanana na hata kimoja cha vile vyake. Mkono wake, uliocheza kushoto na kulia badala ya juu na chini, ulikuwa kipande cha msumeno kilichopigwa tupa mpaka meno yakaisha, na pa kushikia palikuwa na vifungo viwili vya koti.

Jumamosi ya wiki hiyo chama chao cha wakusanyaji kingekuwa na maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Walipokuwa wakipanga meza siku moja kabla, mwenyekiti, wakili mstaafu, alikipindua kile kibonyezo mara mbili, akakunja uso.

"Hakina muhuri wa kiwanda. Msumeno na vifungo! Tutachekwa."

"Tazama hapa zinapogusana hizi ncha," alisema Mama Nukta. "Zimelika mpaka zimefanya shimo. Takataka hailiki hivyo, Wakili. Hiki kimepigishwa kazi miaka na miaka. Kiweke mwisho wa meza ukitaka, lakini kitakaa."

Wakili alimjua. Akisema kitu kitakaa, kimekaa.

Siku ya maonyesho alialikwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga telegrafu, aje awaonyeshe watu kazi ilivyokuwa. Alikuja na suti iliyopigwa pasi ikanyooka kama karatasi. Alikaribia kibonyezo kizuri kuliko vyote, shaba tupu inayong'aa, kilichoungwa kwa nyaya na king'ora kidogo, akaanza. Neno la tatu halikufika. Mkono ulikakamaa.

"Kifundo cha mkono kimekufa," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka thelathini, juu chini, juu chini."

Watu walianza kutazama viatu vyao. Mama Nukta hakungoja. Alichomoa nyaya, akaziunga kwenye kile cha msumeno, akakisogeza.

"Baba, jaribu hiki. Hakigongwi. Kinasukumwa huku na huku."

Mzee alikitazama, akacheka. Aliweka kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili. Mlio ulimwagika ukumbini, mwepesi, bila kukwaruza. Mama Nukta, aliyejifunza zile nukta kwa sikio, aliusoma kwa sauti:

"Le-te-ni ki-ti, mi-gu-u i-na-ni-u-ma."

Ukumbi uliangua kicheko, na kiti kikaja.

"Ofisini kwetu," mzee alieleza akiketi, "mkono wa mtu ukikufa, alipewa barua ya kwaheri. Mwenzetu mmoja alijitengenezea cha namna hii, akaendelea miaka tisa. Aliyekitengeneza hiki alikataa kwenda nyumbani."

Wakili alitoa kalamu mfukoni, akachukua kipande kipya cha kadi ya maelezo.

"Niandike nini, Mama Nukta?"

"Andika kwamba aliyekitumia ndiye aliyekitengeneza. Kisha ukipeleke pale mbele, mlangoni."

"Nikipeleke vipi na mzee hataki kukiachia?"

Kweli, mzee alikuwa ameshainamia tena kazi yake. Watu walitaka wasikie majina yao yakipigwa, na foleni ilikuwa imeshafika kwenye ngazi.