Alama za Kupeleka Chuoni

Msimamizi wa mtihani alimtazama Lorna Hakala kuanzia kofia ya sufu hadi viatu vya theluji, kisha akamwambia kwa upole kwamba wazazi wasubiri nje.

"Leo mimi si mzazi," Lorna akajibu, akimwonyesha kitambulisho. "Mimi ni mtahiniwa."

Vijana wote wakageuza shingo. Nyuma kabisa, binti yake Britta alikuwa amejifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Na kicheko hicho ndicho Lorna alichokuwa amekifuata.

Mara ya kwanza alipofanya mtihani huo wa kuingilia chuo, Britta alitoka hana rangi usoni. Ilipokaribia siku ya kurudia, akagoma hata kula. Lorna, aliyekuwa dereva wa magari ya kusafisha theluji katika barabara za mji wa Duluth, Marekani, tangu amalize sekondari, hakujaliwa maneno matamu ya kumtuliza mtoto. Alichojaliwa ni ukaidi. "Basi tutaingia sote wawili," alisema. "Tukizama, tuzame pamoja."

Hawakuzama. Britta alipata wastani wa ishirini na sita kati ya thelathini na sita, alama mbili juu ya zile za mwanzo. Lorna alifungua matokeo yake akiwa peke yake garini, akaitazama tarakimu, akazima simu, akaiwasha tena kuona kama imebadilika. Ishirini na tisa. Furaha ilimpanda kama maziwa yanayochemka. Naye, kama mpishi mwoga, akawahi kuipunguzia moto. Mwenye safari ni mtoto, alijiambia. Mama haendi harusini kumzidi bibi harusi kwa mavazi. Siri hiyo alimpa mtu mmoja tu, mama yake, Bibi Aune, na hapo ndipo alipokosea, maana kifua cha Bibi Aune hakikuwahi kuhifadhi kitu zaidi ya pumzi.

Jumamosi mchana walikaa jikoni, wote watatu, mkate mtamu wa iliki ukifuka mvuke mezani, kompyuta ikiwa wazi mbele ya Britta. Chuo alichokitamani kilitaka matokeo ya mtihani mmoja tu, achague mwenyewe ni upi.

"Kuna cha kuchagua hapo?" Lorna alisema. "Tuma wa pili. Kubwa ni kubwa."

"Si rahisi hivyo, Mama. Wa pili, Kiingereza ndicho kilichonibeba; sayansi nilianguka, ishirini na mbili. Wa kwanza wastani wake ni mdogo, lakini sayansi nina thelathini na moja."

"Wataangalia wastani kwanza."

"Na mimi nataka kusomea maji ya ziwa. Sasa nikawapelekee mashairi?"

Bibi Aune alikuwa akikata mkate. "Na wewe, Lorna," akasema bila kuinua macho, "hiyo ishirini na tisa yako utaituma lini?"

"Mama!"

Britta aligeuka polepole. Lorna alijiandaa kwa machozi, akaanza kuokota maneno ya kujishusha: ni bahati tu, nilibahatisha, maswali yalikuwa mepesi. Lakini Britta aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka, akamrukia mama yake shingoni hadi miwani ikaenda upande.

"Ishirini na tisa! Bibi, umesikia?"

"Si mimi niliyekwambia?" Bibi Aune alinung'unika.

"Sasa kwa nini ulinificha, Mama?"

"Sikutaka ujione mdogo."

Britta alimwachia, akamkazia macho. "Acha kunisingizia. Unaogopa tu. Yaani mimi nijitokeze na ishirini na sita, wewe ujifiche na ishirini na tisa?"

Lorna aliirudisha miwani mahali pake. Miaka yote alijisifu kwamba hakuna chuo kilichowahi kumkataa, akasahau kuwa asiyebisha hodi hafungiwi mlango. Ajabu ni kwamba hakuona aibu. Aliona wepesi, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye joto na kuvuliwa koti zito.

"Tuma wa kwanza," alisema hatimaye. "Huo wenye maji."

"Na wastani wake mdogo?"

"Wasipoiona thelathini na moja, basi hawamtafuti mtu kama wewe."

Britta akabonyeza kabla moyo haujaghairi. Wakashangilia, Bibi Aune akigonga meza kwa kijiko. Kisha msichana akaisukuma kompyuta mbele ya mama yake: fomu ya chuo cha papo hapo mjini, chenye masomo ya jioni.

"Wewe huna cha kuchagua," alimtania. "Unayo moja tu, na inatisha."

Lorna aliandika jina lake, akaambatisha alama zake, akateremka hadi swali lililofuata. Anataka kusomea nini? Vidole vyake vikasimama hewani. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumuuliza anataka nini, sembuse kukaa akasubiri jibu.

"Umekwama?" Britta aliuliza.

"Hapana."

"Andika chochote," Bibi Aune akahimiza, "kahawa inapoa."

"Ipoe tu." Lorna alivuta kiti, akakaa vizuri, uso wote ukicheka. "Swali tamu hili, jamani. Msiniharakishe."