Chumba cha Watu Wawili

"Mama amefika salama," sauti ilisema. "Anauliza utakuja lini."

Dobi aliinua pasi kutoka kwenye kola ya shati la mwalimu, akaisimamisha kando ya meza. Simu alikuwa ameibana kati ya sikio na bega, kama afanyavyo anapopigiwa na wateja akiwa kazini, na alidhani huyu naye ni mteja aliyekosea namba.

"Mama yupi, binti yangu?"

"Mkeo, mzee. Ameingia asubuhi hii. Nimempa chumba kinachotazama bahari, kama ulivyoagiza. Hakuja na mzigo."

"Hapo umekosea."

"Si wewe dobi uliyepiga wiki iliyopita? Chumba cha watu wawili, katikati ya kiangazi?" Yule dada wa mapokezi ya hoteli alicheka kidogo, kwa upole wa mtu aliyezoea wazee wanaosahau. "Basi usichelewe. Yuko barazani peke yake."

Simu ikakatika. Dobi alilimaliza shati la mwalimu, akalitundika, na ndipo alipogundua kwamba alikuwa ameipiga pasi kola upande wa ndani tu.

Majirani walimwita Mzee Pasi, na siku hizi hata yeye alikuwa akiitika. Bahari hakuwahi kuiona. Aliijua kwa nguo za watu. Kila mwaka, joto likishika kisawasawa, wateja wenye nafasi walivuka mpaka kwenda kupumzika katika ile nchi ya pwani, kisha wakamletea mafurushi: suruali zenye mchanga ndani ya pindo, mashati yaliyolowa maji ya chumvi yakakaukia mwilini. Vitambaa vya namna hiyo vina ukaidi wao, hata vikifuliwa. Pasi ikipita juu yake haitelezi, inakokoteka. Mkewe ndiye aliyekuwa akizifua nguo hizo kabla hazijafika mezani kwake.

"Hawa wameshakula raha zao," mkewe alikuwa akisema huku akikung'uta mifuko. "Sisi lini?"

"Mwakani."

"Haya. Ahadi ni deni, baba."

Na kupanga walikuwa wakipanga, si utani. Walipanga wakati wa kukunja mashuka, maana shuka kubwa halikunjiki na mtu mmoja. Kila mmoja anashika ncha zake, wanavuta mpaka linyooke, kisha wanaendeana hadi mikono ikutane. Kila walipokutana waliongeza jambo. Chumba kiwe kinatazama maji. Pasiwe na kuamka mapema. Mwaka nenda mwaka rudi mashuka yalikunjwa, na likizo ikabaki palepale. Mvua za mwaka huu zilipoanza, mke alishikwa na kikohozi. Zilipokatika, alikuwa ameshazikwa.

Binti yao, muuzaji katika duka la dawa, ndiye aliyesema sasa basi. "Baba, usipokwenda mwaka huu utakufa umesimama kwenye hiyo meza. Nimeomba ruhusa kazini. Tunakwenda mimi na wewe. Piga simu uagize vyumba."

Dobi akapiga. Yule dada wa mapokezi alipouliza wanakuja wangapi, mdomo wake ukajibu, "Mimi na mke wangu." Maneno hayo yalikuwa yamekaa kinywani mwake muda mrefu kuliko baadhi ya meno. Mazoea yana taabu. Angeweza kusahihisha palepale, lakini kusahihisha kulitaka atamke neno moja ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Hata msibani ndugu ndio waliomsemea. Alishukuru, akakata simu, na binti alipouliza akamwambia mambo yote tayari.

Kesho yake baada ya ile simu ya mapokezi, iliita tena, wakati ule wa mchana ambao hata mbwa wa mtaani huwa wamelala.

"Mama anasema gauni alilokuja nalo ni zito kwa joto hili," alisema yule dada. "Umletee lile la maua. Anasema utalipata nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, chini ya koti lako."

Dobi aliisimamisha pasi yake ya mkaa mezani. Binti alipogawa nguo za marehemu, yeye aliliiba gauni hilo moja, naam, aliliiba nyumbani kwake mwenyewe, akalificha chini ya koti. Hakumwambia mtu. Alikwenda chumba cha ndani akiburuta miguu, akainua koti. Gauni lilikuwepo. Pindo lake lilikuwa limelowa.

Akajikaza kisabuni. Mtu wa kazi akiogopa hushika kazi. Alilitandaza gauni mezani, akapuliza mkaa, akaipitisha pasi juu ya maua. Sehemu ya juu iliteleza vizuri. Alipofika kwenye pindo, pasi ikaanza kukokoteka.

Aliogopa, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho aliona haya kukitambua, nacho kilikuwa furaha.

Alasiri alirudi kwenye mashuka ya nyumba ya wageni ya jirani. Tangu abaki peke yake alikuwa amejitungia njia: anabana ncha za shuka kwenye mlango wa chumba cha ndani, anaufunga, anavuta, kisha anakunja akielekea mlangoni. Matokeo hayakumfurahisha, ila wateja walimstahi wakanyamaza. Sasa alibana, akavuta. Shuka likavutwa kutoka upande wa pili.

Lilivutwa mara moja, kwa kiasi, jinsi inavyotakiwa. Dobi akadhani binti amerudi mapema, amepitia mlango wa uani.

"Hapohapo, mama," alisema. "Usilegeze."

Shuka halikulegea. Likapigwa upepo kidogo likanyooka, na alipoanza kwenda mbele, lilikuja naye, ncha kwa ncha, pindo juu ya pindo. Mlango ulikuwa umefunguka kiasi cha kiganja. Alipoufikia, ncha za upande wa pili ziliwekwa mikononi mwake zikiwa zimelingana kama zilizokatwa kwa rula. Ndipo alipokumbuka kwamba binti yake, pamoja na sifa zake zote, hajawahi kukunja shuka likalingana.

"Baba, hodi," binti akaita, kutoka mlango wa mbele, mkononi mfuko wa nyanya.

Alimweleza yote. Hakuna aliyependa kuketi, wakazungumza wamesimama, shuka likiwa katikati yao juu ya meza.

"Ni matapeli," binti alisema. "Siku hizi wanajua mpaka rangi ya soksi zako. Nipe hiyo namba, niwaulize wanataka nini." Halafu akaliona gauni la maua kwenye hanga. Alilisogelea, akashika pindo, akanusa vidole vyake vilivyonuka chumvi. Kiti kilikuwa karibu, bahati nzuri.

"Ulisema uligawa zote," Dobi alisema, "kumbe mimi..."

"Tusiende, baba."

"Mama yako ananingoja."

"Anakungoja wapi? Nani anangojewa na maiti akarudi?" Alisimama. "Ni mimi niliyekusukuma uende. Sasa ni mimi nakwambia usiende."

"Nilimwahidi miaka yote hiyo. Miaka yote, nikamfanya asubiri mpaka pumzi ikamwishia. Naweza kumwacha asubiri na huko pia?"

"Na mimi je?"

Dobi alimpenda mtoto wake huyu kuliko macho yake, na bado miguu yake ilikuwa imeshaondoka. Binti aliliona hilo usoni mwake. Alifuta machozi kwa kiganja, akachukua mfuko wake wa nyanya.

"Basi ukienda, nakwenda nawe," alisema. "Siwezi kuja kuambiwa kwa simu kwamba sina baba."

Asubuhi ya safari joto lilikuwa limetanda tangu jua halijapanda. Dobi aliacha mlango wa duka lake la udobi nusu wazi ili amalize shati la mwisho, la mteja mmoja msumbufu asiyejua likizo ya mtu. Begi lilikuwa sakafuni, gauni la maua limekunjwa juu kabisa. Binti aliingia amevaa viatu vya safari, macho yamevimba. Hawakusalimiana vizuri. Simu ilipoita, ni yeye aliyebonyeza, akaiweka sauti ya nje.

"Mmeshatoka?" aliuliza yule dada wa mapokezi. Nyuma yake palisikika maji, yakija na kurudi. "Mama amesimama hapa barazani tangu kulipokucha. Amefurahi sana kusikia mnakuja wote. Ameniambia niweke kitanda kingine, cha binti. Chumba ni kikubwa, anasema, pana nafasi."

Binti aliinama tu, akashika mikanda ya begi, akalitundika begani, kama mtu aliyeitwa na mzazi wake anavyoitika. Dobi alimtazama shingo yake iliyoinama, na mshipa uliokuwa ukipiga pale. Alimfikiria mkewe. Mwanamke yule hakuwa na ubaya wowote, wala hakuwa nao sasa, hilo alilijua. Alikuwa amechoka kukaa peke yake, na alitaka watu wake, kama ambavyo angetaka mtu yeyote.

"Weka begi chini, mwanangu," alisema.

Alichukua simu, lakini hakuibana begani. Aliishika kwa mikono miwili.

"Yuko karibu nawe hapo?"

"Huyu hapa. Nimpe?"

Alitaka kumsikia. Alitaka kwa nguvu hata ikabidi aegemee meza. Angesema tu "haya", angemsikia akimuuliza kama amekula.

"Hapana. Nikimsikia nitakuja. Binti yangu, nilikosea nilipoagiza. Mke wangu alikufa. Alikufa wakati wa mvua. Nilipaswa kukwambia siku ile."

Lilikuwa limetoka. Nyuma ya simu maji yalikuja yakarudi.

"Ndiyo, mzee," yule dada alisema, bila mshangao wowote. "Wageni wetu wengi huagizwa hivyo."

Mkono wa binti ulimshika baba kwenye kiwiko. Ulikuwa wa baridi.

"Kwa hiyo hamji," dada aliendelea. Palisikika kalamu, au kitu kama kalamu. "Nimwambie nini?"

"Mwambie apumzike. Mwambie nimesema samahani kwa kumchelewesha. Na gauni lake..." Alilitazama begi. "Gauni nitalitunza."

"Amesikia. Yuko hapa ubavuni. Na kitanda cha binti?"

"Hicho kitoeni," Dobi alisema, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya mtu mwenye nyumba. "Kitoeni leo hii. Nataka nisikie kimetoka."

Walisubiri wote wawili. Kwa mbali, miguu ya kitanda ilikwaruza sakafu, ikakwaruza tena, kisha mlango ukafungwa.

"Kimetoka. Na chako, mzee?"

Dobi alitazama pasi, alitazama mlango wa duka na mwanga mkali uliokuwa nje. Hakumtazama binti yake.

"Changu kiacheni," alisema.

Simu ikakatika. Binti alikuwa amesikia. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akafungua kamba za viatu vya safari, kimoja baada ya kingine, akavipanga kando ya ukuta, ncha zikitazama ndani.